Glessner House, Chicago: nyumba iliyoipa barabara mgongo

Mimi ni mwashi. Hapa Chicago kazi hiyo maana yake ni kupanda jukwaa theluji ikishayeyuka na kushuka inaporudi, ukikwangua jointi (mishono ya kati ya tofali na tofali) zilizooza kwenye kuta za watu na kuzijaza upya. Kwa hiyo mtu akinialika kwenda kutazama nyumba ya tajiri wa zamani, mazulia na vyombo vya fedha namwachia yeye. Mimi nakwenda kuona ukuta. Na kwa ukuta, Glessner House haina mpinzani mjini hapa. Iko kusini ya katikati ya mji, pale Prairie Avenue inapokutana na barabara ya 18, na siku hizi ni makumbusho: unakata tiketi, unapewa mwongozaji, mnazungushwa vyumba kwa zaidi ya saa moja.

Nilikwenda na ami yangu aliyekuja kututembelea kutoka Lamu. Ami ni seremala, umri wake wote amechonga milango, na si mtu wa kusifu ovyo. Alisimama ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, akaitazama nyumba kitambo kizima. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mwenye hii alikuwa na ugomvi na majirani?"

Swali hilo lilishaulizwa zamani. George Pullman, yule wa mabehewa ya kulalia ya treni, alikuwa akikaa njia panda hiyohiyo, na alilalamika kwamba hajui amekosa nini hata kila akitoka mlangoni akutane uso kwa uso na kitu kile. Wengine waliifananisha na gereza. Ukizijua nyumba za mtaa huu zilivyokuwa, huwezi kuwalaumu sana. Moto wa 1871 uliokula katikati ya mji haukufika huku, na miaka iliyofuata Prairie Avenue ikawa makazi ya wenye nazo wote: Pullman, Marshall Field wa maduka, Philip Armour wa nyama. Kila mmoja alijenga nyumba ya kuonwa, bustani mbele, baraza la nguzo, madirisha mapana ya kuonyesha mapazia. Halafu John Glessner, tajiri wa mashine za kilimo, akaja akasimamisha ukuta wa graniti hadi ukingoni mwa njia ya waenda kwa miguu, na upande wa barabara ya 18 akaacha matundu membamba ambayo mtu wa Prairie Avenue hangeyaita madirisha.

Mchoraji wa nyumba alikuwa Henry Hobson Richardson, mzaliwa wa Louisiana aliyesomea usanifu Paris, na wakati huo hakuna msanifu Marekani aliyekuwa na jina kumzidi. Alikuwa ameshajenga kanisa la Trinity kule Boston. Mtindo wake ulirudi kwenye majengo ya Ufaransa ya kusini na Hispania ya karne ya 11 na ya 12, yale yanayoitwa ya Kiromaneski: mawe mazito, matao ya nusu duara, kuta nene, urembo kidogo. Huko Marekani mtindo huo ulishika mpaka ukapewa jina lake mwenyewe. Kwa nyumba hii inasimuliwa kwamba aliona kwa akina Glessner picha ya majengo ya watawa ya Abingdon, Uingereza, akawauliza kama wanaipenda. Walipojibu ndiyo akaichukua na kusema ndiyo atakayojengea nyumba yao. Ukisimama barabara ya 18 unaiona ile picha: jengo refu, paa lililolala chini, kama ghala la kuwekea mavuno.

Sasa nieleze kilichonileta. Graniti ile imetoka Braggville, Massachusetts. Sura ya kila jiwe imeachwa mbichi, imevunjwavunjwa kwa nyundo tu, unaweza kuipigia mkono ukaumia. Lakini tazama pale jiwe linapokutana na jiwe. Kingo zimenyooka, kitako kimechongwa sawasawa, jointi ni nyembamba na zinakwenda mbali bila kuyumba. Mistari haikupangwa kwa kimo kimoja, kuna safu pana na safu nyembamba, ndiyo maana ukuta mrefu namna ile hauchoshi macho. Mtu asiyejua kazi ataona ukuta wa mawe yasiyochongwa. Anayeijua ataona kwamba fundi alichonga pande zote ambazo hutaziona na akaacha ule mmoja unaouona. Hiyo ni kiburi ya aina yake, nami naipenda.

Kisha kuna tao la mlango wa watumishi, katikati ya upande wa kaskazini. Hili peke yake ni nusu ya tiketi, na kulitazama ni bure kwa kuwa liko barabarani. Mawe yake ni marefu, yamefunguka kutoka katikati kama vidole vya mkono, na chini yake mlango umerudishwa ndani kwenye kivuli. Hakuna ua lililochongwa, hakuna jina, hakuna simba. Tao linasimama kwa sababu mawe yanabanana na uzito unakimbilia pembeni, na pembeni kuna ukuta wa kuupokea. Siku hizi nikiitwa kurekebisha "tao" kwenye jengo jipya, mara nyingi nakuta bamba la chuma limefichwa nyuma na vipande vya mawe vimegundishwa mbele kama stempu. Tao la Glessner halifichi kitu.

Hapo ndipo nilipo na neno na wale wanaopenda majengo ya kufufua mitindo ya kale. Karibu kila mtaa mkongwe wa Marekani una nyumba ya namna hiyo: nguzo za Kigiriki, kilele cha ngome ya Ufaransa, mbao nyeusi za Kiingereza zilizopigiliwa juu ya lipu. Nyingi zimefufua nguo, mwili hapana. Richardson alifufua namna ya kujenga: uzito ubebwe na ukuta, ukuta uwe mnene, na maisha yaelekee ndani. Mfano uko ng'ambo ya barabara papo hapo. Nyumba ya Kimball, ya mtengeneza piano, ilimalizika 1892 ikiigiza kasri la Josselin la Bretagne, na imejaa vipembe, vinyago na viminara kila kona. Ni nyumba nzuri, sikatai, na fundi wa mawe yake alistahili kila senti. Lakini ni nyumba iliyovaa kwenda harusini, na harusi imeisha siku nyingi.

Ami alipata jibu la swali lake tulipoingia uani. Upande wa kaskazini upepo ulikuwa unatoka ziwani na barabara ya 18 inaunyoosha kama bomba. Kofia unashika kwa mkono. Ukishapita ndani ya ua, upepo unakatika. Ukuta wa graniti umeubeba wote mgongoni. Na ghafla nyumba ni nyingine kabisa. Ukuta wa uani si graniti, ni matofali ya rangi ya waridi yenye mistari na linta za mawe ya chokaa, laini, ya kibinadamu, na minara midogo ya duara imetokeza ukutani kubeba ngazi. Madirisha ni makubwa na yote yanaelekea kusini. Chicago jua la Januari hupita chini sana, linaingia mpaka ukuta wa nyuma wa chumba. Vyumba vya familia vimepangwa upande huo wa jua. Upande wa baridi kuna ukumbi mrefu mwembamba unaokaa kati ya upepo na watu.

"Hii nyumba ya Mkomani," ami akasema, akacheka mwenyewe. Kwa asiyejua, Mkomani ndio mtaa wa nyumba za mawe kule Lamu. Kuta zake za matumbawe kwa nje ni kavu, huoni kitu, kuna mlango na daka la kukaa wageni basi. Ukikaribishwa ndani unakuta kiwanda, yaani ua wa ndani, kiko wazi kwa mbingu, na vyumba vimejipanga kukielekea, kimoja nyuma ya kingine mpaka ndani kabisa. Hakuna aliyemfundisha Richardson habari za Lamu, wala sidai. Watu wenye jua kali na watu wenye upepo wa barafu wanaweza kufika mahali pamoja, kila mmoja kwa sababu zake. Ila nilifurahi kuona mzee aliyechonga milango ya Mkomani anaisoma nyumba ya Chicago bila mkalimani. Kiongozi wetu alikuwa bado anaeleza madirisha ya kusini, ami ameshayahesabu.

Kuna maelezo mengine ya ukuta ule ambayo husikika sana, kwamba matajiri waliogopa wafanyakazi. Mwaka 1886 ulikuwa mwaka wa migomo Chicago, na bomu la Haymarket lililipuka kwenye mkutano wa wafanyakazi tarehe 4 Mei. Glessner naye alikuwa katika biashara ileile ya mashine za shamba iliyokuwa na migomo mikali. Kwa hiyo hadithi inanoga: tajiri kajijengea boma. Lakini tarehe hazikubali. Richardson alipewa kazi 1885, na michoro aliimaliza wiki chache kabla hajafa. Alifariki tarehe 27 Aprili 1886, akiwa na miaka 47, figo zimemwishia. Bomu lilikuja wiki moja baadaye, ukuta umeshachorwa. Wenzake wa ofisini ndio waliosimamia ujenzi, na familia ikahamia Desemba 1887. Richardson hakuiona nyumba ikisimama.

Ndani sitaeleza kila kitu, maana kila kitu kipo. Wajukuu na vitukuu vya Glessner walirudisha fanicha nyingi za asili, na George, mtoto wa kiume, alikuwa mpenzi wa kupiga picha, kwa hiyo waliokarabati walijua kiti kilikaa wapi na picha ilining'inia ukuta gani. Mama mwenye nyumba, Frances, aliandika shajara tangu 1879 hadi 1917. Makumbusho mengi ya namna hii hupangwa kwa kukisia, unaona vitu vya zama zile vilivyonunuliwa mnadani. Hapa unaona vitu vyao. Kuna karatasi za ukutani na vitambaa vya William Morris, vigae vya William De Morgan kwenye mahali pa moto, samani za Isaac Scott zilizochongwa kwa mkono. Sebuleni kuta zimefunikwa kwa kitambaa cha gunia kilichochorwa na William Pretyman, na ukisogea unaona nyuzi za gunia chini ya rangi. Kwangu vitu vilikuwa vingi mno kwa chumba kimoja, lakini hiyo ni ladha ya wakati wao.

Chumba nilichokipenda ni maktaba. Mbao za mwaloni, boriti zinaonekana darini, na katikati meza kubwa moja ya kukalia watu wawili, mume upande huu na mke upande ule. Richardson aliinakili kutoka meza yake mwenyewe. Kila mtu ana droo zake. Nimekaa kwenye nyumba nyingi za kisasa ambazo mke hana hata meza ya kuwekea karatasi zake, na hii ni ya 1887.

Ami alibaki nyuma kwenye ngazi ya ukumbini. Nguzo ndogo za ngazi hazikuchongwa kwa mtindo mmoja. Fundi amechanganya mitindo, huyu amesokotwa, huyu amenyooka, na bado ngazi inasomeka kama kitu kimoja. Aliinama, akaifuata moja kwa kidole bila kuigusa (tuliambiwa tusiguse), akaniambia kwamba fundi aliyechonga zile alikuwa mwenye furaha siku hiyo, au alilipwa kwa siku na si kwa kipande. Sijui seremala mwingine angesema nini, lakini sifa kutoka kwa ami haijawahi kufika mbali zaidi ya hapo.

Chumba cha masomo kiko chini mbele, karibu na mlango wa Prairie Avenue, na watoto walikuwa na njia yao ya kuingia humo. George alisumbuliwa na mafua ya chavua, akasomeshwa nyumbani, na mdogo wake Fanny pamoja naye. George akaenda Harvard. Fanny hakupelekwa chuo. Huyu ndiye Frances Glessner Lee ambaye baadaye, akiwa mtu mzima na fedha mkononi, alifadhili idara ya tiba ya kisheria hapohapo Harvard mwaka 1931, na miaka ya 1940 akaunda vyumba vidogo vya kimwanasesere vinavyoonyesha vifo vyenye utata, kila inchi moja ikisimama badala ya futi moja, ili maaskari wajifunze kutazama mahali pa tukio. Mwaka 1943 polisi wa jimbo la New Hampshire walimpa cheo cha kapteni. Vingi vya vyumba hivyo viko Baltimore na hadi leo hutumika kufundishia. Kwa bahati mbaya haviko hapa, usiende ukitegemea kuviona. Lakini ukikaa kwenye kile chumba cha masomo, penye mwanga mdogo na meza ya watoto, unaelewa jicho lile lilianzia wapi. Mwaka 1913 alimtengenezea mama yake orkestra nzima ya Chicago kwa vinyago vidogo, wanamuziki 90. Orkestra yenyewe wazazi wake walikuwa wafadhili wake na kiongozi wake wa kwanza, Theodore Thomas, alikuwa rafiki wa nyumba.

Sasa nirudi kwenye ule ukumbi wa kaskazini, maana ndipo nilipoikosoa nyumba. Ni njia ya watumishi. Walikuwa wapatao wanane wakiishi humohumo, na ukumbi huu uliwawezesha kwenda jikoni, mlangoni na ghorofani bila kukatiza vyumba vya wenyewe. Matundu yale membamba unayoyaona barabarani ndiyo mwanga wao. Kwa usanifu ni akili kubwa: ukumbi unazuia baridi na kelele za magari ya farasi, vyumba vya kusini vinabaki na joto na utulivu. Lakini upepo ule lazima upige mtu, na Richardson aliamua umpige nani. Mwongozaji anaweza kukueleza ukumbi kama kinga, na ni kweli ni kinga. Pita humo taratibu hata hivyo, usimfuate mbio kuelekea chumba cha kulia chakula. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuingilia mlango wa nyuma na ndoo ya saruji, ile ndiyo sehemu ya nyumba inayozungumza naye.

Na habari ya saruji, niseme jambo moja la ufundi kwa ndugu zetu wenye nyumba kongwe pwani. Matofali yale ya uani yanapumua kupitia jointi. Jointi ya zamani ni ya chokaa, laini kuliko tofali. Maji yakiingia ukutani hutokea kwenye jointi, jointi ikichoka unaikwangua na kuijaza upya, na tofali linabaki salama. Ukiijaza kwa saruji kali inayouzwa kwa mfuko, jointi inakuwa ngumu kuliko tofali, maji hayana pa kutokea, baridi inayagandisha ndani, na uso wa tofali unabanduka kama ganda la yai. Nimeona mitaa mizima ya Chicago imeharibiwa hivyo na mafundi wasiojali. Kwetu hakuna barafu, lakini lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe inafanya uharibifu wa jamaa yake: unyevu na chumvi vinafungiwa ndani, lipu inavimba, inaanguka na vipande vya ukuta. Nyumba ya mawe na chokaa itunze kwa chokaa. Ami amelisema hilo Lamu miaka mingi, huitwa mzee wa kizamani.

Kwamba nyumba hii ipo ya kutazamwa ni muujiza mdogo. Mtaa ulianza kufa kabla hata karne ya 20 haijashika kasi. Reli ilikuwa jirani, masizi yakajaa, viwanda vikasogea, na mtaa wa madanguro ulikuwa si mbali. Matajiri wakahamia kaskazini. Nyumba ya Pullman ilibomolewa 1922. Akina Glessner hawakuondoka: mama, Frances, alifariki 1932, John 1936, akiwa na miaka 92. John alikuwa ameiachia nyumba chama cha wasanifu, lakini chama hakikuweza kuibeba, ikapita mikono, na kuanzia 1945 ikawa na taasisi ya utafiti wa uchapaji, mitambo ya kuchapia ikinguruma kwenye vyumba vya kina Morris. Mwaka 1966 kikundi cha wasanifu na wapenzi wa majengo kiliinunua kwa dola 35,000. Ndani yake walikuwamo Harry Weese na ndugu yake Ben, na Philip Johnson kutoka New York. Kikundi hicho ndicho mzazi wa kituo cha usanifu cha Chicago cha sasa, kile kinachoendesha ziara za boti mtoni. Nyumba ikatangazwa alama ya kihistoria ya mji 1970, na ya taifa 1976. Richardson alijenga mambo mengine Chicago, hata duka kubwa la jumla la Marshall Field lililowafundisha wasanifu kina Louis Sullivan jinsi ya kujenga jengo zito bila mapambo. Lilibomolewa 1930. Iliyobaki mjini ni hii tu.

Ukitoka, usirudi kituoni moja kwa moja. Zunguka nyuma, kwenye bustani ya wanawake upande wa Indiana Avenue, kuna nyumba nyeupe ya mbao yenye nguzo za Kigiriki. Ni ya 1836, miongoni mwa nyumba kongwe kabisa zilizobaki Chicago, na huitwa Clarke, siku hizi Clarke-Ford. Kwa ukuta haiwezi kushindana na ya Glessner, kwa sababu ni mbao zinazojifanya mawe. Ila kwa hadithi inaishinda. Ilijengwa wakati mji ndio kwanza unaanza, mwenyewe akafilisika na mtikisiko wa 1837 na vyumba vya upande mmoja vikabaki havijamalizwa miaka. Baada ya ule moto wa 1871 ikahamishwa nzima kusini zaidi. Mwaka 1941 ikanunuliwa na kanisa la Askofu Louis Henry Ford, kanisa la Wamarekani weusi, nao ndio walioitunza wakati mji hauna habari nayo. Mwaka 1977 mji ukainunua na kuirudisha huku. Njiani kulikuwa na reli ya juu. Wakainyanyua nyumba nzima kuipitisha juu ya reli, Desemba, mitambo ikaganda kwa baridi, na nyumba ikakaa huko juu kwa wiki 2 treni zikipita. Ami alitaka nimsimulie mara ya pili tukiwa kwenye basi, kuhakikisha kama sikumtania.

Mambo ya kujua kabla hujaenda. Huingii kujizungusha mwenyewe, ni ziara ya kuongozwa kwa saa maalumu, kwa hiyo weka nafasi kwenye tovuti yao, hasa wikendi. Ngazi zipo na ni nyingi, mwenye magoti mabovu apige simu kwanza aulize. Treni ya Green Line inakuacha Cermak-McCormick Place, kisha unatembea kaskazini. Treni ya Metra Electric ina kituo kidogo cha barabara ya 18 hatua chache tu kutoka mlangoni, lakini zisizosimama ni nyingi, angalia ratiba. Fika mapema uzunguke nje kabla ya kuingia, na anza barabara ya 18, si Prairie. Nenda wakati wa baridi kama unaweza kuvumilia. Wakati wa joto ua ni mzuri zaidi, lakini hutaelewa ukuta ule ni wa nini.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano ningeitoa kama madirisha ya ule ukumbi wa watumishi yangeongezwa upana wa kiganja kimoja tu. Graniti ingevumilia. Kwa chakula, Chinatown iko jirani, na ami aliridhika na samaki wa mvuke kuliko alivyokiri.